Magoti ya Vijivu

Kijivu wa saba mwaka ule aliletwa kliniki akiwa amebebwa kwenye blanketi. Mzee mmoja alishika ncha mbili za mbele, na mwenye duka la jirani, aliyeombwa msaada njiani tu, akashika mbili za nyuma. Mvua ilikuwa imewapiga. Walimlaza mbwa juu ya meza ya bati, mwenye duka akajifuta mikono kwenye suruali akaenda zake, na mzee akabaki amesimama huku maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia.

"Hajaruka ukuta," alisema kabla hajaulizwa. "Hajagongwa. Hajapigwa na mtu. Alikuwa amelala, akainuka kuja kwangu, akalia. Mara moja tu. Basi."

Mzee huyo alikuwa amelinda ghala la nafaka miaka ishirini na sita. Alipostaafu, cha kwanza alichojinunulia kilikuwa mbwa, akamwita Subira. Subira alikuwa na miaka miwili.

Daktari alimshika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, akavuta taratibu. Ndani ya goti la mbwa, kama lilivyo la mtu, kuna kano mbili zilizopishana, na kazi ya mojawapo ni kuuzuia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele. Kano ikiwa nzima, mfupa hauendi popote. Wa Subira ulitoka kama droo ya meza iliyolegea. Daktari aliurudisha, kisha akavuta tena, ingawa hapakuwa na haja.

"Kano imekatika," alisema.

"Itaunga?"

"Hii haiungi yenyewe. Tunaweza kumpasua, tukalikaza goti kwa uzi wake maalumu. Lakini sikufichi, mzee wangu. Wakishaumia goti moja, wengi wao huumia na la pili."

"Wengi wao akina nani?"

Vijivu, ndivyo Daktari alivyotaka kusema. "Ulimpata wapi?" aliuliza badala yake, ingawa alijua. Mji mzima, kijivu hutoka nyumba moja.

"Kwa mwenyekiti. Nilisubiri zamu yangu mwaka na nusu." Mzee alivua kofia, akaikamua palepale sakafuni bila kujua anachofanya. "Daktari, niambie ukweli. Ni sakafu yangu? Kwangu ni saruji tupu, inateleza. Au ni chakula? Maana mimi nilikuwa namlisha ninachokula."

"Sijui," alisema Daktari. "Lakini nitatafuta."

Mwenyekiti aliyetajwa, yule wa chama cha wafugaji wa mbwa, alikuwa mjomba wake Daktari, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yake. Ndiye aliyemchukua alipobaki yatima akiwa na miaka sita, mwembamba kama unyasi, akampa jina la Sindano. Wala hakujua wakati ule kwamba binti huyo angekuja kuishi kwa kudunga. Mjomba hakuwahi kuoa. Watu walisema ameoa banda la mbwa, na yeye hakuwakanusha. Vijivu aliwarithi kwa baba yake: mbwa warefu, wapole kwa watu wa nyumbani, manyoya rangi ya jivu lililopoa, wasiobweka ovyo. Kabla Sindano hajajua kusoma alikwishajua kumfuta mbwa mchanga kamasi puani ili avute pumzi ya kwanza, na kumweka kifuani ndani ya fulana mpaka apate joto. Ada yake ya shule, tangu ya kwanza hadi ya chuo, ilitoka tumboni mwa majike ya Mjomba. Hilo alikuwa halisahau, na hata angesahau, watu wangemkumbusha.

Jumapili alikwenda. Alimkuta Mjomba bandani anakoroga uji wa mbwa kwenye sufuria kubwa, mikono ya shati imekunjwa, amefunga aproni iliyokuwa nyeupe zamani.

"Sindano! Umekuja kula au kunidunga?"

"Nimekuja kukuuliza, Mjomba. Wa saba jana."

Mjomba hakuacha kukoroga. "Wa nani?"

"Wa yule mzee mlinzi. Miaka miwili tu."

"Anamlisha mikate na mabaki, anamfungia ndani. Mbwa huyu kaumbwa kukimbia, wao wanamfanya mto wa kochi. Halafu goti likilegea, lawama kwa mfugaji."

"Huenda. Lakini huenda pia wanarithi. Nataka kujua lipi ni lipi. Nataka kuwapima wote, walio wazima na walio wagonjwa, nilinganishe na daftari lako."

Hapo mwiko ulisimama. Kisha Mjomba akacheka, akaufuta ukingoni mwa sufuria. "Chukua," alisema. "Daftari langu halina doa. Kila aliyezaliwa humu yumo, baba na mama na siku na saa. Chukua ukaone. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi sijatia."

Alilifunga kwenye kitambaa kabla ya kumkabidhi, kama mtu anavyofunga mkate.

Miezi minne Daktari alizunguka mji. Kila Jumamosi alibisha milango akiwa na mfuko wa sindano, futi ya fundi cherehani na mizani ya bafuni. Mbwa hasimami juu ya mizani akaambiwa atulie, kwa hiyo alimbeba, akapanda naye, kisha akapanda peke yake akatoa. Ilipofika nyumba ya thelathini, mji mzima ulijua uzito wake, na muuza mitumba mmoja alimshauri apunguze wanga. Alipima miguu, alivuta magoti, alitoa damu kidogo. Aliuliza mbwa anakula nini, analala wapi, anapanda ngazi ngapi kwa siku. Wengine walimkaribisha. Wengine walizungumza naye kupitia tundu la geti. Mama mmoja alikataa katakata: "Wangu mzima, usimwangalie. Ukimwangalia utamtia ugonjwa."

Vijivu sitini na watatu. Wagonjwa ishirini na wawili.

Alichora majedwali ukutani jikoni kwake mpaka rangi ya ukuta haikuonekana. Wanene walikuwa wagonjwa, lakini wembamba pia. Waliolala kwenye vigae walikuwa wagonjwa, na mmoja aliyelala kwenye mchanga maisha yake yote alikuwa amekatika kano za magoti yote mawili. Unene ulizidisha, hilo lilionekana. Lakini haukuwa mwanzo wa jambo. Ndugu wawili wa uzazi mmoja, mmoja akilelewa kwenye ghorofa na mwingine kwenye kiwanja cha kufyatulia matofali, waliumia goti lilelile, wakipishana wiki tatu.

Sasa lilibaki daftari. Kama ugonjwa ulikuwa wa kurithi, wagonjwa wangejikusanya upande mmoja, kwa baba fulani au mama fulani, maana maji hufuata mkondo. Daktari alikaa na lile daftari siku mbili nzima, akichora mistari kutoka kwa mtoto hadi kwa baba, hadi kwa babu. Wagonjwa hawakujikusanya. Walitawanyika chini ya madume matano tofauti, wanne huku, watano kule, kama mahindi yaliyomwagika. Kwa mujibu wa daftari, ugonjwa huu haukuwa wa ukoo.

Aliweka kalamu chini akacheka peke yake kwa nafuu. Alimpigia Mjomba.

"Si ndiyo niliyokwambia?" Mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa imelegea ghafla, kama ya mtu aliyetua mzigo. "Njoo Jumapili tule. Andika barua, nitaisoma mwenyewe mbele ya chama."

Barua aliianza. Alikuwa amefika aya ya pili aliposimama kumngoja Hadubini.

Hadubini lilikuwa jina la utani la kijana wa zamani aliyesoma naye, sasa mtu mzima mwenye kipara, aliyefanya kazi maabara ya chuo. Hakuwa mtu wa maneno. Zile damu zote Daktari alikuwa amempelekea yeye, si kwa sababu ya shaka, bali kwa kutimiza utaratibu: kuhakikisha kwamba kila mtoto ni wa baba yule aliyeandikwa. Hadubini hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, asubuhi ya siku ya kazi, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kati ya paka na mbuzi, akangoja zamu yake.

"Hawa ishirini na wawili," alisema walipoingia ndani, "daftari limewapa baba watano. Damu inawarudisha wote kwa dume moja."

"Umechanganya chupa."

"Nilidhani hivyo. Nimerudia mara tatu. Wanane ni watoto wake, kumi na wanne ni wajukuu kwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Dume lenyewe sinalo, halimo kwenye chupa ulizoniletea. Lakini yupo, au alikuwepo. Amezalisha humo miaka mingi bila daftari kuonyesha, yeyote yule."

Daktari hakuhitaji kuambiwa jina. Jemedari.

Jemedari alikuwa dume zuri kuliko yote aliyowahi kufuga Mjomba. Picha yake ilikuwa sebuleni, na vikombe vyake vya ushindi vilijaa rafu mbili. Alianza kuchechemea akiwa na miaka mitatu. Mjomba alisema pikipiki imemgonga, na chama kilitaka cheti cha mganga wa mifugo kuthibitisha, kwa kuwa dume lenye kilema cha kuzaliwa haliruhusiwi kupandishwa. Mwaka huo Sindano alikuwa amehitimu, ana wiki tano kazini. Mjomba alikuja na karatasi. Sindano akaandika: ajali ya barabarani. Akagonga muhuri mpya ambao bado ulinuka mpira. Goti hakulivuta. Haikumpitia hata akilini kulivuta, kwa sababu aliyemwambia ni Mjomba.

Chama kiliridhika na cheti. Lakini watu wenye majike waliona dume linachechemea wakasita, na mwaka uliofuata Mjomba alitangaza kwamba Jemedari amepumzishwa. Huo ndio mwaka ambao daftari linamwacha.

Hakungoja Jumapili. Alimkuta Mjomba ameketi uani kwenye kigoda, anamkata kucha Chuma, dume lake la mwisho. Daktari alilitua daftari juu ya pipa, likiwa bado kwenye kitambaa chake.

"Jemedari," alisema.

Mjomba alimaliza ukucha aliokuwa ameushika, akaupuliza unga wake. "Nani kakwambia?"

"Damu."

"Sasa damu nayo ina mdomo."

"Mjomba, ulijua?"

Chuma aliondoa mguu wake akaenda kulala kivulini.

"Ulikuwa chuoni mwaka wa homa," Mjomba alisema hatimaye. "Hukuona. Nilizika mbwa thelathini na mmoja kwa siku kumi na moja. Nilichimba mpaka viganja vikatoka maji. Walibaki wanne, Sindano. Majike matatu na Jemedari, na Jemedari akiwa mtoto wa miezi mitano. Kazi ya baba yangu, kazi yangu, vyote vilikuwa vimesimama juu ya mbwa wanne. Halafu akaanza kuchechemea. Ningefanya nini? Ningemwambia nani?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ungeniambia niache."

"Ndiyo. Ningekwambia uache."

"Basi." Mjomba aliinua mikono akaiachia. "Mwanzoni nilisema labda ni kweli kagongwa. Mtu akilitamka jambo mara nyingi hulizoea. Walipoanza kuja watoto wake, mmoja, wawili, nikasema bahati mbaya. Watu walikuwa hawataki tena jina lake, lakini wanataka rangi yake. Nikawapa rangi, nikaandika majina ya madume niliyowauzia watu kabla ya homa."

"Na mimi ukanipa karatasi nigonge muhuri."

Mjomba aliinama akaanza kuokota vipande vya kucha, kimoja kimoja. Daktari alitaka kuinama amsaidie. Hakuinama.

"Andika hujui," Mjomba alisema akiwa bado ameinama. "Sikuombi uongo. Andika hujui, utafiti unaendelea. Mimi nina miaka sabini na minne. Niache nife nikiwa na mbwa, kisha uandike unachotaka. Mimi ndiye niliyekulea, mwanangu. Nakuomba hilo moja."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumsikia akiomba. Daktari alitoka bila kuaga.

Chama kilikutana ukumbi wa shule, viti vya plastiki, watu kama hamsini. Daktari alisoma kurasa nne. Alisema ugonjwa wa kano kwa vijivu unarithiwa. Kwamba si kila anayeurithi huugua, na kwamba unene na kukaa bila mazoezi huuharakisha, lakini chanzo kiko kwenye damu. Alisema umeenea kwa sababu dume moja lilipandishwa kwa siri miaka saba. Alisema dume hilo lilipata cheti cha uongo, akasoma tarehe ya cheti, akasoma jina la aliyetia sahihi, ambalo lilikuwa lake. Kisha akasema lililokuwa gumu kuliko yote: kwamba kati ya vijivu wote aliowapima, wasio na damu ya Jemedari ni majike mawili tu, yote yamepita umri wa kuzaa. Hivyo hapakuwa na njia ya kuendelea na ukoo huu bila kuendelea na ugonjwa.

Mjomba alikuwa amekaa safu ya mbele, amevaa koti na tai. Watu walipoanza kupiga kelele, mmoja akitaka arudishiwe chake, mwingine akisema msichana kauza mjomba wake kwa ajili ya sifa, alisimama. Ukumbi ukatulia.

"Aliyosema ni kweli," alisema. "Ila uongo wa cheti si wake, ni wangu. Yeye aliniamini." Akatoka kwa mlango wa pembeni, akitembea wima. Uenyekiti wake uliisha hapo, bila kura.

Mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa akifuga mbwa wadogo wa mapajani, alisema kwa sauti ya chini: "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Daktari alidhani kusema ukweli ndio mwisho wa jambo. Haukuwa. Wiki ileile watu walianza kuleta vijivu kliniki, lakini si kwa kutibiwa. Waliletwa wazima, wenye mkia wa kutikisika, na wenye mbwa walitaka wachomwe sindano ya mwisho. "Si umesema watavunjika?" waliuliza. Alieleza, akaeleza, mpaka sauti ikakauka: wengi hawataugua kamwe, mbwa aliyeugua anaweza kuishi vizuri, kilichokatazwa ni kuzalisha tu. Wachache walimsikia. Wengine waliondoka na mbwa wao kwa hasira, na siku chache baadaye mbwa walewale walionekana sokoni wakinusa mapipa, wakikaa pembeni ya barabara wakitazama kila gari lililopunguza mwendo. Vijivu hawajui kuomba. Yeye na Hadubini waliwaokota wale walioweza kuwapata, kumi na mmoja, wakawaweka stoo ya kliniki. Wanne waligongwa kabla hajawafikia.

Mzee mlinzi alirudi mwezi wa tatu baada ya mkutano. Goti la kwanza la Subira lilikuwa limepasuliwa likapona vizuri. Sasa lilikuwa limekwenda la pili, na mbwa alikuwa ameacha kula. Mara hii mzee alimleta kwa mkokoteni. Daktari alimpima akakuta na figo zimeharibika, labda kwa dawa za maumivu ambazo yeye Daktari ndiye aliyempa. Alimwambia mzee hivyo, bila kupunguza.

"Basi apumzike," mzee alisema. Alimshika Subira kichwa wakati wa sindano, akimwambia maneno ambayo Daktari alijitahidi asiyasikie. Ilipokwisha akauliza: "Walisema umegundua ni ugonjwa wa kuzaliwa nao."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo si sakafu yangu."

"Si sakafu yako."

Mzee alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. "Nilikuwa nimetandika mazulia nyumba nzima," alisema. "Niliuza redio, nikatandika mazulia." Akamkunja mbwa wake ndani ya blanketi, akakataa kusaidiwa, akamsukuma kwenye mkokoteni mpaka barabarani.

Mjomba hakupokea simu. Daktari alipokwenda, geti lilikuwa limefungwa kwa ndani, na Chuma alimnusa kupitia upenyo wa chini kisha akarudi zake. Alikwenda mara tano. Mara ya sita aliacha mfuko wa chakula cha mbwa getini, na alipopita kesho yake ulikuwa bado pale, umelowa umande.

Kiangazi kilipoanza, asubuhi moja, Mjomba aliingia kliniki akiwa na Chuma kwenye kamba. Alikuwa amekonda, kola ya shati imekuwa pana shingoni. Alikaa benchi akangoja zamu kama watu wengine, na alipoitwa alimwinua mbwa mwenyewe akamweka juu ya meza.

"Mhasi," alisema.

"Mjomba, si lazima. Akikaa peke yake..."

"Nimesema mhasi. Juzi kaja mtu usiku na jike lake, kaniahidi bei mara tatu ya zamani. Nilikaa naye sebuleni saa nzima, Sindano. Saa nzima sikumfukuza." Aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha Chuma. "Fanya leo. Kesho sijui."

Daktari alivuta dawa kwenye bomba. Mjomba alimkumbatia mbwa shingoni mpaka alipolegea, akamlaza taratibu, akamgeuza ulimi pembeni ili pumzi isizibe, kama alivyomfundisha mtoto wa miaka sita zamani hizo. Hakutoka nje. Alisimama upande wa pili wa meza muda wote, akimpa mkasi alipoomba mkasi na pamba alipoomba pamba, na kazi hiyo fupi waliimaliza bila kuambiana neno lisilohusu kazi.

Baadaye Daktari aliwapeleka nyumbani kwa gari. Alimbeba Chuma, angali amelewa dawa, hadi bandani. Vyumba kumi na viwili vya banda vilikuwa vimefagiliwa, maji yamemwagwa, milango imeachwa wazi. Lile daftari halikuonekana, na hakuuliza.

"Asilambe kidonda," alisema. "Nitakuja keshokutwa kumwangalia."

"Usije," Mjomba alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Nyuzi nitazitoa mwenyewe. Nikikuhitaji nitakuita."

Akamwinamia mbwa, akaanza kumkanda masikio ili damu itembee. Daktari alingoja kidogo, akaona hatageuka, akaenda kwenye gari lake. Kliniki kulikuwa na vijivu kumi na mmoja wasio na wenyewe, na hakuna aliyekuwa amewalisha tangu asubuhi.